Mto wa Miwani ya Kazi

Mtu akiita kile kitu miwani, basi na mimi niite ndoo kikombe. Lilikuwa dude la kuziba nusu ya uso, mbele kioo cheusi, nyuma ya kisogo betri, katikati mikanda ya kubana kichwa. Ukilishika mkononi ni zito kama pasi. Kampuni ya mume wangu iliwagawia mafundi umeme wote, ikasema kila mtu alitunze lake kama mboni ya jicho, na hapo walisema kweli, maana mboni zenyewe ndizo zilizokuwa zinaumia.

Nisilionee, lakini. Kazi yake lilikuwa linaifanya. Ukilivaa unaona chumba kama kilivyo: ukuta ni ukuta, mwenzako ni mwenzako. Ila juu ya ukuta linakuchorea vilivyofichwa ndani, nyaya kwa mistari myekundu na mabomba ya maji kwa mistari ya bluu, hivyo fundi anajua pa kutoboa na pa kuacha. Zamani walikuwa wanagonga ukuta kwa vidole na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Mume wangu aliniambia yote haya siku ya kwanza, macho yanamng'aa.

Mwezi wa pili macho hayakung'aa tena. Alirudi jioni moja akajitupa kitini na viatu vyake, yeye ambaye hajawahi kuingia sebuleni na viatu tangu anioe, akasema, "Mama, nizimie taa. Kichwa kinanipasuka."

Nikamtazama. Mstari mwekundu ulikuwa umemzama kwenye paji la uso, toka sikio hadi sikio, na juu ya pua ngozi ilikuwa imebanduka, pamekuwa pabichi kabisa.

"Ni lile dude," nikasema.

"Ni miwani," akasema. "Nitazoea."

Kuzoea kwenyewe ndiko kulikonitia wasiwasi. Shingo ilikuwa haigeuki. Ukimwita anageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Mara mbili nilimkuta mbele ya televisheni anaifinya hewa kwa vidole viwili, ndivyo wanavyofunga picha kwenye dude, anashangaa taarifa ya habari haifungi. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili sikucheka. Kule kazini walitakiwa walivue kila baada ya saa moja wapumzishe macho dakika kumi, lakini nani avue wakati jioni wanahesabiwa matundu waliyotoboa?

Kazini wanamwita Taratibu. Ni mtu wa kupima mara tatu, kukata mara moja. Nilimpendea hilo, japo kumngoja achague shati ni kazi ya mchana kutwa. Mimi nashona. Mito, foronya, vitambaa vya makochi, viti vya saluni na vya ofisini, kibanda changu kipo kando ya nyumba yetu, na wifi yangu, dada yake huyo Taratibu, ndiye mwenzangu kwenye cherehani ya pili. Sasa niambie, fundi wa mito anamwangaliaje mumewe anachunwa ngozi na plastiki akanyamaza?

"Nitakushonea mto wa hiyo miwani yako," nikamwambia Jumamosi.

"Hairuhusiwi kubandika kitu."

"Nani atakagua? Kitambaa cheusi, uzi mweusi. Mtu hataona hata akiweka pua."

"Mama, kuna mwenzetu alibadilisha mkanda tu, hakumaliza wiki."

"Basi na uso wako umalizike, tuone nani atavaa hiyo miwani."

Akacheka kidogo, kisha akashika paji la uso kwa sababu kucheka kulimuuma. Hapo nilijua nimeshinda. Lakini Taratibu ni Taratibu, akanieleza kwanza. Kila asubuhi, kabla ya kazi, wanasimama mbele ya ubao wenye vidoa, wanavifuata kwa macho, na miwani inajipima kulingana na macho yao yalipo. Baada ya hapo haitakiwi isogee usoni. Ikisogea, na michoro inasogea. Ukiona waya uko hapa, kumbe uko pale.

"Kwani utapimwa ukiwa umeuvaa mto au hujauvaa?" nikamuuliza.

"Nikiwa nimeuvaa."

"Basi tatizo liko wapi?"

Akafikiri, akafikiri, akasema hakuna tatizo. Na mimi nilikuwa nasema kweli, kwa kadiri nilivyojua wakati ule.

Jumapili nilikata na kushona. Nilikuwa na kipande cha sponji ngumu, ile ya kukalia isiyobonyea kwa urahisi, kikazunguka paji la uso na upande wa kushoto, kikaishia hapo. Kwa upande wa kulia kilipungua kama urefu wa kiganja. Duka lilikuwa limefungwa. Pembeni kulikuwa na mabaki ya sponji laini niliyotumia kwenye viti vya saluni wiki iliyopita. Nikaipima kwa jicho, unene uleule, rangi ileile. Nikamalizia nayo. Nani hajawahi kumalizia kwa alichonacho?

Jumatatu saa nne asubuhi, wakati wa chai yao, simu yangu ikalia. Ujumbe wa mume wangu: "Mto safi sana. Kichwa kimya." Nikamsomea wifi kwa sauti, mara mbili.

"Haya, umeshasifiwa," akasema wifi bila kuinua uso kwenye cherehani. "Leo hatulali kwa majivuno."

"Wivu huo."

"Wivu wa nini? Mimi kaka yangu kichwa chake kimekuwa kigumu tangu utotoni, hakihitaji mto."

Tukacheka. Nilishona asubuhi ile kwa raha, mguu wenyewe unakwenda.

Saa saba mchana akaja mama mwenye saluni. Hakusalimia. Alibeba mto mmoja wa viti vyake, akautupa juu ya meza yangu ya kukatia.

"Bonyeza hapo, fundi."

Nikabonyeza. Vidole vikagusa mbao ya chini.

"Asubuhi wateja wanakaa juu," akasema, "ikifika mchana wamezama, naosha nywele za watu wamenikalia chini kama watoto. Kesho asubuhi vimevimba tena, mchana vimelala. Ni sponji gani hii uliyoniwekea?"

Nikaanza kumjibu, maana mimi jibu huwa halinipotei. Nilitaka kumwambia kwamba sponji laini ndiyo aliyoichagua mwenyewe, kwamba nilimwonya ikipata joto na jasho la mtu inalala, haiamki mpaka ipumzike usiku kucha. Nikafika kwenye neno jasho, nikasimama hapohapo, mdomo wazi.

Asubuhi imevimba. Mchana imelala. Na miwani imepimwa asubuhi.

"Fundi?" akasema mama wa saluni. "Unaumwa?"

Nikamwambia mito yote ya viti vyake nitairudia, aende salama. Nadhani alishangaa, alikuwa amejiandaa kwa vita. Alipotoka nikakaa kwenye kigoda. Upande wa kushoto wa uso wa mume wangu kuna sponji ngumu. Upande wa kulia kuna laini. Tangu asubuhi analoa jasho, kule kulia kunazama na kushoto kumesimama, miwani inapinda kidogo kidogo bila yeye kujua, na mistari yote myekundu inahama nayo. Jengo lenyewe wanalotoboa lina watu. Ghorofa za chini kuna ofisi zinafanya kazi, umeme haujazimwa, unapita ndani ya kuta zilezile.

Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na nusu. Naikumbuka mpaka leo.

Nikampigia. Ikaita, ikaita, ikakata. Simu zao wanaziacha kwenye makabati getini. Nilijua hilo, lakini nikapiga tena, nikapiga tena, kama vile kabati lingepokea.

Namba ya msimamizi wao nilikuwa nayo. Walitupa sisi wake kwa ajili ya dharura. Nikaitafuta, nikaipata, kidole kikabaki hewani. Nitamwambia nini? Kwamba nimebandika mto kwenye mali ya kampuni? Yule wa mkanda hakumaliza wiki. Mume wangu alikaa miezi minane bila kazi kabla ya hii, namkumbuka anavyojifanya analala asubuhi ili watoto wasimwone hana pa kwenda. Nikaandika: "Samahani msimamizi, mimi ni mke wa." Nikafuta. Nikaandika: "Naomba umwambie mume wangu anipigie." Nikafuta na hiyo, maana ataulizwa kuna nini, naye hajui kudanganya. Nikajiambia labda leo hawatoboi, labda wanapaka alama tu. Nikajiambia yeye ni Taratibu, ataona mwenyewe. Nikajiambia sponji haijazama sana. Kila nilichojiambia kilikuwa kitamu kwa dakika moja, kisha kinachacha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wamesema.

"Unamwandikia nani?" wifi akauliza.

"Hakuna."

"Huyo Hakuna ndiye anayekutoa jasho hivyo?"

Nikamweleza. Nilimweleza haraka haraka, sponji, jasho, ubao wa vidoa, nyaya, nikasikia sauti yangu mwenyewe inapanda kama ya mtu mwingine. Wifi alizima cherehani. Huyu mtu ambaye hata nyumba ikiungua atamalizia mshono kwanza.

"Umejua tangu lini?"

Nikaangalia ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro dakika mbili.

"Unaogopa kaka yangu afukuzwe kazi," akasema.

"Ndiyo."

"Na akifa, hiyo kazi atabaki nayo?"

Nilitoka na ndala miguuni, pini zimechomekwa kifuani kwenye blauzi, sikufunga hata kitambaa kichwani. Nyuma nikamsikia wifi anapaza sauti kwamba yeye anampigia huyo msimamizi, nikamwambia piga, piga, na sijui kama alinisikia. Jengo lenyewe lilikuwa mbali, mwendo wa nusu saa kwa mtu anayetembea vizuri. Mimi nilikuwa nakimbia mpaka pumzi inakata, natembea mpaka inarudi, nakimbia tena. Kwenye njia panda lori lilinipigia honi mpaka nikaruka. Fundi viatu mmoja alinisemesha, sikumjibu. Nilikuwa nimejaa hasira, na sijui kwa nini hasira ile ilimwelekea mume wangu. Kwa nini hakunikatalia? Mwanamume mzima, fundi, anayejua umeme, anamwachia mshona mito amwambie tatizo liko wapi! Kisha hasira inageuka inanirudia mimi, na kile kiganja kimoja cha sponji.

Getini mlinzi akanizuia.

"Bila kofia na buti huingii, dada."

"Nipe kofia na buti."

Kofia ilikuwa sawa. Buti za wageni zilikuwa pea moja tu, za mtu mwenye miguu ya jitu. Nikaingiza ndala zangu humohumo.

"Unamtaka nani?"

"Taratibu. Nimemletea dawa ya kichwa."

"Niachie, nitampa."

"Dawa yenyewe haiachwi, inapakwa na mke."

Akacheka, akaandika kwenye daftari lake, akanifungulia. Hata pale, unaona, bado nilikuwa naficha. Ningemwambia kuna mtu anaweza kufa, angekimbia kunizidi. Nikauliza kama msimamizi kapigiwa simu. Akasema msimamizi yuko juu, simu yake ipo hapa kwenye kabati, imelia sana.

Lifti ilikuwa imefungwa kwa mbao. Nikapanda ngazi na zile buti, kwa kila hatua mguu unaingia kwanza, buti linafuata. Sauti za drili zilikuwa zinashuka toka juu, mbili, tatu kwa pamoja. Drili ikinyamaza, na mimi nasimama, nasikiliza kama kuna mtu atapiga kelele. Ikianza tena ninapanda. Sijawahi kuipenda kelele kama nilivyozipenda zile drili siku ile, kwa sababu anayetoboa bado anapumua.

Ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, chumba chenye dirisha moja. Alikuwa ameupa mlango mgongo. Dude usoni, vizibo vya masikio masikioni, miguu ameitanua, drili ameielekeza ukutani kifuani pake, vumbi linamwagika.

"Baba!" nikaita. "Baba watoto!"

Hakusikia. Nilitaka kumshika bega, nikaogopa atashtuka asukume. Nikaufuata waya wa drili kwa macho, ulikuwa umelala sakafuni hadi kwenye soketi ya korido. Nikauvuta. Nikauvuta kwa mikono yote miwili, nikaanguka chali nao.

Kimya.

Akaitazama drili, akaibonyeza, akachomoa vizibo vya masikio, akageuka. Akaniona sakafuni na kofia ya wageni.

"We! Umeingiaje? Watoto wana nini?"

"Vua hiyo kitu! Vua! Sponji imelala!"

Nikamweleza kama nilivyomweleza wifi, vibaya zaidi. Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka. Aliivua miwani polepole, akaishika kifuani, akaangalia chini.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ilianza kuhama saa sita. Niliona kwenye lile bomba." Akaonyesha kwa kidevu bomba la maji linalotokeza nje ya ukuta kando ya dirisha. "Bomba liko pale, mchoro wake wa bluu uko vidole viwili kulia. Kwa hiyo mimi narudisha. Ikinionyesha hapa, natoboa vidole viwili kushoto."

Huyu ndiye Taratibu! Apimaye mara tatu!

"Kwa nini hukurudi kwenye ubao upimwe upya?"

"Ningeulizwa imehamaje." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ningevua na mto, wangeuona. Na kichwa kilikuwa hakiumi, mama. Siku ya kwanza kichwa hakiumi."

"Mwanamume wewe!" Nilipiga kelele, sikujali nani anasikia. "Vidole viwili ilikuwa saa sita! Sasa hivi ni saa nane na nusu! Unadhani sponji inazama halafu inapumzika kukusubiri wewe? Inazidi kuzama! Vaa! Vaa uangalie bomba lako!"

Akaivaa. Akasogea kwenye dirisha, akanyoosha mkono, akaweka vidole kati ya bomba na kitu ambacho mimi sikukiona. Kidole kimoja. Viwili. Vitatu. Akaongeza cha nne.

Hapo ndipo msimamizi alipoingia, mtu mfupi mwenye ufunguo shingoni, miwani yake ameipandisha juu ya kofia. "Nani kavuta waya? Na huyu mama ni nani?"

Mume wangu akafungua mdomo. Nilimjua anataka kusema nini, angesema ni mke wangu kaniletea dawa. Nikamwahi. Nikasema kila kitu, mto, sponji, kwamba nimeushona mimi, nimemlazimisha mimi. Mume wangu akasema, "Kichwa ni changu, niliuvaa mwenyewe."

Msimamizi alikwenda kwenye tundu lililoachwa nusu, lenye kina cha dole gumba, akachukua patasi na nyundo, akaanza kubandua plasta pembeni yake kidogo kidogo, kwa uangalifu wa mtu anayemenya yai. Kipande kikadondoka, na kingine. Ndani tukauona waya mkuu, mweusi, mnene kama kifundo cha mkono wangu, ule unaopandisha umeme ghorofa za juu. Tundu la mume wangu lilikuwa limeelekea katikati yake kabisa. Plasta iliyobaki kati yao ilikuwa unene wa ukucha.

Mume wangu alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta wa upande wa pili.

Kisha msimamizi akatoka kwenda koridoni, akapiga mluzi kwa vidole. "Zima drili zote! Njooni hapa na miwani zenu mikononi!"

Wakaja watano, mmoja mmoja, vumbi nyusini. Akaanza kuzipindua zile miwani, anatazama ndani. Ya kwanza ilikuwa na leso iliyokunjwa. Ya pili kipande cha taulo. Ya tatu pamba, imeshikwa kwa plasta ya kidonda. Ya nne blanketi. Wa tano hakuwa ameweka kitu, na pua yake ilikuwa na kidonda kinachotoa maji. Leso ilikuwa imelowa, imejikunja upande mmoja.

"Inahama?" msimamizi akawauliza.

Wakaangalia buti zao.

"Mnarudisha kwa macho?"

Mwenye taulo akasema, "Kidogo tu, bosi. Kidole kimoja."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Msimamizi akainua mkono, akaishusha miwani yake toka kwenye kofia, akaigeuza. Ndani, paji la uso linapokaa, ilikuwa imeshonwa soksi ya mtoto mchanga.

"Mimi natembea tu nakagua," akasema, na hakumalizia. Masikio yalikuwa yamemwiva. Akaigeukia korido, kuta zote mbili, yale matundu ya siku nzima, akauliza swichi kuu ya jengo iko wapi na nani ana mbio.

Umeme ulizimwa jengo zima. Tuliwasikia watu wa ofisi za chini wanalalamika. Msimamizi alisema mafundi wote waende nyumbani, wataitwa, na hakusema wataitwa kwa kupewa kazi au kwa kufukuzwa. Nadhani mwenyewe hakujua lake.

Tukashuka, mimi na mume wangu, ngazi zina giza, yeye ameshika ukuta na mimi nimemshika yeye. Kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza akasimama.

"Ulijua saa ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema nimejua nikakimbia hapohapo.

"Saa saba na nusu," nikasema. "Nilikaa karibu nusu saa na simu mkononi. Niliogopa watakufukuza."

Akakaa kwenye ngazi. Nikamsikia anahesabu, kwa pumzi, kama anavyohesabu kila kitu.

"Katika nusu saa hiyo nimetoboa matatu," akasema.

Hakusema kwa kunilaumu. Angenilaumu ningejua la kumjibu. Nikakaa kando yake.

"Na yote tangu saa sita?"

"Tisa. Kila moja, kabla sijabonyeza, nilikuwa najiambia hili la mwisho, nikimaliza nitamwambia msimamizi." Akajifuta vumbi usoni. "Tisa, mama."

Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, vyote kwa mkono mmoja. Nikamkumbatia. Nilimbana kwa nguvu mpaka kofia yake ikadondoka, ikashuka inagonga ngazi moja baada ya nyingine hadi chini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kwenda kuifuata.